Mjumbe wa Ballynarra na Mswada wa Malisho

Hapo zamani, wakubwa walipokuwa wakivaa nywele za bandia zilizopakwa unga, alikuwako katika nchi ya Ayalandi mjumbe wa baraza, jina lake Garret Nangle. Alikuwa fukara, koti lake moja lina viraka, na wa kwanza kumcheka alikuwa yeye mwenyewe. Miaka ishirini aliwasemea watu wa kijiji cha Ballynarra barazani Dublin, na kila alichokiunga mkono kiliharibika.

Basi ikawa Liwali wa mfalme ametunga mswada wa kuwanyang'anya watu wa Ballynarra malisho yao, apate pa kuwindia mbweha. Nangle akasema ataupinga, kwani pale ndipo mjane Onora Tighe alipolisha ng'ombe wake wawili, na kaya arobaini vivyo hivyo. Wakikosa majani watakosa maziwa, na wakikosa maziwa watahama au watakufa.

Liwali akamwita kasrini, akamwamuru auunge mkono. Nangle akajitetea kwamba hajui kusema uongo.

"Basi sema kweli tupu," akajibu Liwali. "Lakini uunge mkono mswada wangu, wala usitamke neno moja la kuupinga. Ukikiuka, makao yako ni gereza." Akamwapisha.

Nangle akatembea kando ya mto akiyapitia maisha yake, atafute lolote la kumwokoa. Hakuona ila aibu. Ghafula akaanza kucheka peke yake, hata wapita njia wakamkwepa.

Kesho yake akasimama barazani.

"Waheshimiwa, nauunga mkono mswada huu kwa moyo uleule nilioliungia mkono daraja la Ballynarra, ambalo mto ulilichukua wiki ya pili. Niliunga mkono mfereji. Hadi leo haujaona maji, humo wanalala mbuzi. Nilimwunga mkono jemadari Pomfret, naye akajisalimisha kwa kikosi kilichokuja kumwuliza njia. Leo namwunga mkono Liwali, kwa nguvu zangu zote."

Wajumbe wakacheka hata unga ukawadondoka mabegani. Kisha waliokusudia kukubali wakatazamana, wakakumbuka lile daraja, wakahamia upande wa pili mmoja mmoja. Mswada ukaanguka.

Liwali akamwita kwa hasira.

"Umenidhihaki."

"Bwana wangu, neno la kupinga ni lipi? Na uongo ni upi?"

Liwali akaipitia hotuba ile neno kwa neno. Akamkumbuka Pomfret, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyempa jeshi, na kicheko kikamshinda nguvu. Akaandika kwa muhuri wake kwamba malisho yale yasiguswe tena. Kisha akainama karibu, akanong'ona kwamba kuna waziri mmoja anayekitamani cheo chake. Je, Nangle hawezi kumwunga mkono huyo?

Nangle akafikiri kidogo, akatikisa kichwa.

"Huyo, bwana wangu, hajanikosea kiasi hicho."