Kikombe Kilichozaa Mwiko

Hapo zamani, wakati digrii zilipokuwa zinafungua milango, sisi hatukuwepo. Basi hadithi yangu ni ya zamani ya juzi.

Walikuwepo wahitimu watatu: Kyengo, Mutheu na Wambua. Walikuwa wametuma sivii za kuomba kazi hadi kwa kampuni zilizokwisha kufa. Wakaenda kwa Mama Katumbi, mchongaji wa vikombe na miiko, wafundishwe kazi. Akawaambia kiti cha mwanafunzi bandani mwake ni kimoja tu. Atakayekosa arudi kwao, baba yake aendelee kumuuliza hiyo digrii huiva kwa kuni gani. Akawapa kipande kimoja cha mti mbichi, wamchongee kikombe cha mkono mrefu, cha kuchotea maji.

Kyengo akashika tezo, akachonga nje. Kikatoka kinono, mkono umenyooka. Mutheu akashika kisu kilichopinda, akachimba ndani. Akachimba, akachimba, akachungulia, akaona goti lake. Kitako kimetoboka.

Wambua, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiwahutubia wenzake kuhusu teamwork, akakitwaa. Akakata ubavu mmoja, akaacha ule wenye mkono, akakwangua. Akapata mwiko.

Kyengo, kwa haraka ya kusifiwa, akauanika juani. Mti mbichi, juani! Mutheu akaunyakua kabla haujapasuka, akaufukia kwenye maranda ukauke polepole.

Ulipokauka, Mama Katumbi akausongea ugali mgumu. Mwiko haukulia kwa kutaka kuvunjika hata kidogo. Wakala, wakashiba, wakaanza kugombana.

"Mwaitu," Kyengo akasema, kama Wakamba wamwitavyo mama, "huo mkono ulioushika niliuchonga mimi. Hawa walikuja kupunguza tu."

"Angeushika ukiwa kuni," Mutheu akamjibu. "Nani aliutoa juani? Na bila tundu langu, huo mwiko ungetoka wapi?"

"Mtu anadai mshahara wa tundu," Wambua akasema. "Mwaitu, hawa waliona takataka. Mimi niliona mwiko."

"Uliuona kwa sababu hukuwa na kazi, bosi," Mutheu akamrudishia.

Mama Katumbi akacheka mpaka akashika mbavu, lakini kiti hakikuongezeka.

Haya, nyie mnaojua kila kitu. Aliyechonga vizuri nusura aupasue. Aliyetoboa ndiye aliyeuokoa. Aliyeuona mwiko alianza kazi wenzake wakiwa wamechoka. Na msiniambie wakae kwa zamu. Hilo ni jibu la serikali. Je, nani alistahili kukikalia kile kiti?