Hodi Tatu na Bakuli la Uji

Ilikuwa Jumanne, tarehe nane ya Rajabu, saa kumi alasiri, mzee mmoja alipofungua boksi lililotoka Maskati. Ndani mlikuwa na spika ndogo, kimo cha kopo la maziwa ya unga. Mwanawe aliyeko huko, aliyeituma, alimweleza kwenye simu kwamba ukiiita inaitika, na hata usipoiita itaanza kusoma Qur'ani yenyewe, kila alfajiri na kila alasiri.

"Hiyo haichoki, baba," alisema. "Hutakaa peke yako tena."

Mzee alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliopita. Tangu siku ile nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia bomba la jirani likidondoka. Na kimya hicho ndicho kilichokuwa kikimleta mama wa nyumba ya pili. Kila jioni alipiga hodi na bakuli la uji, akaketi kidogo kizingitini, akamsimulia habari za mtaa huku akilingoja bakuli lake. Mzee aliunywa uji polepole, ili usiishe mapema.

Spika ilipoingia, mama yule alifurahi kwa ajili yake. "Sasa umepata mwenzio, babu," alimtania. "Tena huyu hanuni."

Mzee alitaka kumwambia, njoo tu, mwanangu, usiache. Lakini mtu mzima huona haya kuomba aangaliwe. Akacheka tu. Basi kila jioni ikawa Jumatatu na Alhamisi, kisha ikabaki Alhamisi.

Alhamisi moja ya Shaabani, mzee alikuwa ametoka kutia udhu, mguu mmoja ukamkatalia. Akaanguka kati ya kitanda na ukuta, mwili umekufa ganzi upande mmoja, mdomo umepinda. Saa ya alasiri ilifika, spika ikaanza kusoma, kwa sauti nzuri, ya juu. Mara akasikia hodi.

Hapo, ndugu zangu, mzee alikusanya nguvu zake zote akaita. Ilitoka pumzi tu. Akaiambia spika inyamaze. Ikamjibu kwa adabu kwamba haikumwelewa, ikaendelea kusoma. Hodi ya pili. Hodi ya tatu.

Mama yule mlangoni alisikia Qur'ani, akasema moyoni, mzee anasikiliza. Na Qur'ani ikisomwa tumeamrishwa tunyamaze. Hodi tatu zisipojibiwa, tumefundishwa turudi. Akaliacha bakuli barazani, akarudi. Je, alikosa adabu? Hakukosa hata moja.

Alfajiri majirani wakasikia kisomo, wakasema, mzee ameamka.

Ijumaa, baada ya swala, mama alilifuata bakuli lake. Akalikuta limejaa vilevile, sisimizi wamelizunguka. Ndipo akausukuma mlango. Ulikuwa umeegeshwa tu.

Mzee aliishi siku mbili hospitalini. Mama alimshika mkono akamwambia, "Nilikuja, babu. Nilidhani unasikiliza."

Mzee akajibu kwa taabu, neno baada ya neno. "Nilikusikia, mwanangu. Hodi zote tatu."

Ndugu zangu, nyumba ile ingekuwa kimya, mama yule angeingia. Leo sebule zetu zina televisheni zinazovuta filamu hewani mchana kutwa, na spika zinazoitika tukiziita. Tukipita nje tunasikia sauti, tunasema, hawa wazima. Nani kati yetu anajua kama mlango wa jirani yake umefungwa au umeegeshwa? Nani ameketi na mzazi wake wiki hii hata uji ukapoa? Mtoto yule alituma alichoweza kukituma, kwa mapenzi. Ila mtu wa kuketi kizingitini hatumwi kwenye boksi. Sisi tulio karibu ndio tulioachiwa kazi hiyo. Tukirudi baada ya hodi tatu, turudi tena kabla jua halijazama, na tusitosheke mpaka tumsikie mwenye nyumba mwenyewe.

Ee Mola, warehemu waliotutangulia huku wakisikia hodi zetu. Mrehemu na yule aliyetoka nyumbani kwangu kwa jeneza mwaka huu. Wafungulie mlango wa rehema zako, nasi utusamehe milango tuliyochelewa kuisukuma. Waliwaze katika upweke wa makaburi yao, ambako hakuna wa kupiga hodi. Amina.