Picha Kubwa ya Nyumba ya Bi Nyamizi

Weka chini ulichoshika, usome kisa hiki, kisha mpitishie mwenzako.

Masele alikuwa mchoraji wa nyumba mjini Tabora. Alichora kwa kompyuta, kwa ile programu inayosimamisha nyumba ukaizunguka pande zote hata kabla msingi haujachimbwa.

Siku moja alikuja Bi Nyamizi, mkunga mstaafu, ameshikwa mkono na binti yake Kalunde. Macho ya mama yule yalikuwa yamefifia. Alitaka kujenga nyumba ndogo, na kabla ya yote alitaka kuiona kwenye picha.

Masele akaichora. Kwenye programu ile kuna njia mbili za kutoa picha. Ya haraka hutoa picha ndogo, ya kutosha kioo cha simu. Nyingine huiacha kompyuta ipige hesabu ya kila kivuli na kila mwanga unaoingia dirishani, na hiyo hula siku nzima.

"Mpe ya haraka," alisema Bwana Shayo, mwenye ofisi. "Kompyuta ni moja na watu wa hoteli wanasubiri kazi yao. Tena mama mwenyewe haoni vizuri. Atajuaje tofauti?"

Masele akatoa ile ndogo, akamtumia Kalunde.

"Imetosha kabisa, kaka," Kalunde alisema alipofika ofisini na mama yake.

Lakini Bi Nyamizi aliichukua simu, akaisogeza hadi puani, akaivuta picha kwa vidole ili ikue. Kadiri alivyoivuta ndivyo ilivyopasuka vijisanduku vijisanduku. Mlango ukawa ukungu. Akaivuta tena, kisha akairudisha simu polepole.

"Nzuri, mwanangu. Ahsante."

Masele alimwona alivyoinamisha kichwa, na moyo ukamchoma.

Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa, akaja peke yake. Akaliondoa paa la ile nyumba kwenye programu ili vyumba vyote vionekane kutoka juu, akachagua ukubwa wa mwisho na ubora wa mwisho, akaiachia kompyuta ifanye kazi. Picha ilipokaribia kwisha, umeme ukakatika. Kila kitu kikapotea. Masele akajishika kichwa. Angeweza kwenda zake nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Umeme uliporudi, akaanza upya, akakesha nayo hadi Jumatatu asubuhi.

Picha ilipotoka, akaipeleka kwa wachapaji wa mabango, ikachapwa pana kama shuka.

Bi Nyamizi alipoitwa, aliinama juu ya meza uso ukikaribia kugusa karatasi. Akaanza mlangoni. Akapita sebuleni, akageukia jikoni, akarudi, akahesabu milango kwa kidole. Akafika chumbani, akakaa hapo muda mrefu.

"Dirisha hili limepakwa kijani," alisema kwa furaha.

Bwana Shayo akamhurumia. "Usijichoshe, mama. Nyumba yenyewe ikiisha utaiona vizuri zaidi."

Bi Nyamizi akainua kichwa.

"Mwanangu, daktari ameniambia ukweli. Kuta zikifika kwenye lenta, juu ya milango, macho yangu yatakuwa yamezima. Nyumba mtaiona ninyi. Mimi ya kuiona ni hii hapa."

Kalunde alishtuka. "Mama! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungelia. Nilitaka kwanza niijue nyumba yangu."

Kalunde akalia kweli, mama yake akampapasa mgongo. Bwana Shayo alivuta kiti, akamkalisha mama yule, akazima simu yake iliyokuwa ikiita. Waliokuwa wakipiga ni watu wa hoteli.

Nyumba ilipokamilika, Bi Nyamizi alikuwa haoni hata mwanga wa mchana. Siku ya kuhamia, Kalunde alimfikisha mlangoni, na hapo mama akauachia mkono wake.

"Niache, mwanangu. Kwangu napajua."

Akaingia. Akapita sebuleni, akauacha mlango wa jiko, akanyoosha hadi chumbani bila kugusa ukuta. Akalifungua dirisha, akasimama pale upepo ukimpiga usoni.

"Masele upo?"

"Nipo, mama."

"Ni kijani kile kile?"

"Ni kile kile, mama."

Funzo: Usimpunguzie mtu ubora wa kazi kwa kudhani hataona tofauti. Unachokiona wewe kuwa ni picha tu, kwa mwenzako huenda ndiyo nyumba yenyewe.