Sangara Aliyependa Kupigwa Picha

Natupa!
— Tupa tuone!
Ikinasa?
— Vuta!
Ikikatika?
— Alaumiwe mto!

Haya, sogeeni. Mwenye kazi aende kazini kwake kwanza, tutamsubiri. Hakuna aliyeinuka? Nilijua. Basi tuendelee.

Palikuwa na mto, na ndani ya mto palikuwa na shimo, na ndani ya shimo aliishi Sangara. Mwili wake kama mtumbwi uliopinduka, mdomo wake kama mlango wa ghala. Alijiita Mwenyekiti. Nani alimchagua? Usiniulize mimi. Waliouliza wako tumboni mwake, kikao kinaendelea.

Samaki wadogo wa mto ule walikuwa furu. Mama furu hana nyumba wala kitanda. Watoto wake huwabeba mdomoni, na akiona hatari anafumba, pu! Sasa Sangara hakupenda midomo iliyofumbwa. Akatoa agizo: kila asubuhi mama mmoja aende shimoni kwa ukaguzi.

"Fungua," anasema Sangara.

Mama anafungua.

Chwap! Ukaguzi umekwisha.

Kesho yake mama mwingine. "Fungua." Chwap! Kesho kutwa mwingine. "Fungua." Chwap! Na kila mama akirudi nyumbani na mdomo mtupu, Sangara anamwambia: "Asante kwa ushirikiano wako."

Miongoni mwao alikuwepo Furu mmoja msomi. Alikulia kwenye maji mafupi karibu na kambi ya wageni, akasikia Kiingereza mpaka kikamwingia: hello, wow, bloody mosquito. Elimu ya juu kabisa. Aliwahi kwenda kwa Sangara kuomba kazi ya ukatibu.

"Una experience ya miaka mitano?" Sangara akamuuliza.

"Mkuu, furu hatufiki miaka mitano. Unatula mapema."

"Basi jitolee kwanza. Tutakupigia simu."

Simu! Samaki! Akarudi zake, akasubiri kama tunavyosubiri sote.

Ikafika zamu yake ya ukaguzi. Mdomoni alikuwa na watoto arobaini, wadogo kama punje za mtama, wamebakiza siku kumi waweze kuogelea wenyewe. Akaenda shimoni, mdomo kaufumba.

"Fungua," Sangara akasema.

"Mm," akasema Furu.

"Mm ndio nini?"

Furu akaongea kwa pembe ya mdomo, meno yamebana. "Naomba dakika moja, Mheshimiwa. Kuna mgeni anakutafuta. Katoka ng'ambo."

Hapo hakudanganya sana. Mgeni alikuwepo. Kavaa kizibao chenye mifuko ishirini na viatu vinavyofika kwapani. Ana fimbo nyembamba na mshipi mrefu, na mwisho wa mshipi pana nzi. Si nzi wa kweli, ni ndoana iliyovikwa manyoya ya jogoo. Anaurusha mbele, anaurusha nyuma, anaurusha mbele tena: fyuu, fyuu, fyuu... tepe! Nzi anatua juu ya maji. Samaki akidaka, kirrrr, anavutwa.

Halafu sikilizeni. Akimshika samaki, anambusu, mwaa! Anampiga picha. Anamrudisha mtoni. Anavua asile! Mtu kapanda ndege mbili kuja kubusu kambare, na viza akapewa siku hiyohiyo.

Furu aliyaona haya kila siku kule kwenye maji mafupi. Sangara, aliyejifungia shimoni na ukubwa wake, hakuyajua.

"Anataka nini kwangu?" akauliza.

"Picha, Mheshimiwa. Wewe humu unajulikana. Huko duniani je?"

Sangara akatikisa mapezi. Hajawahi kulifikiria. Fyuu, fyuu, fyuu... tepe! Chwap! Kirrrr! Akavutwa, akainuliwa, akabusiwa, mwanga ukamulika usoni, akarudishwa. Akashuka shimoni mdomo umechanika, macho yanang'aa.

"Umemsikia? Kasemaje?"

"Kasema, Oh my God."

"Maana yake?"

"Amekuita Mungu wake."

Sangara akazunguka shimo mara tatu. "Ukaguzi tuuache leo, mdomo unauma."

Kesho yake tena. Fyuu, fyuu, fyuu... tepe! Chwap! Kirrrr! Mwaa!

"Leo kasemaje?"

"Kasema, Same fish again."

"Maana yake?"

"Hakuna mwingine kama wewe."

"Ukaguzi tuuache. Mdomo wa kimataifa hautumiki ovyo."

Siku ya tatu tena. Fyuu, fyuu, fyuu... tepe! Chwap! Kirrrr! Safari hii hata busu hakupewa.

"Leo kasemaje?"

"Kasema, Stupid fish."

"Maana yake?"

"Amekutunuku udaktari wa heshima."

Mto mzima ukatangaziwa. Sisi wengine tulikesha na madaftari miaka minne. Yeye kang'atwa na ndoana mara tatu, akawa Dokta Mwenyekiti Sangara.

Ikawa hivyo kila siku, mpaka siku ya saba mgeni akafungasha. Likizo imekwisha. Fimbo ikaingia kwenye mfuko wake, gari likaondoka, vumbi likabaki. Sangara akangoja. Hakuna fyuu. Akangoja tena. Hakuna tepe. Mdomo ukapona, tumbo likaanza kunguruma, nguru-nguru-nguru.

"Wewe katibu," akamwita Furu. Ndio, siku hiyo ndiyo alimpa cheo. "Kesho asubuhi niletee mgeni. Usipoleta, unafungua."

Watoto wamebakiza siku tatu. Siku tatu tu!

Furu akaogelea huku na huku, wanawe wanamchezea mdomoni kama karanga. Kufika kwenye kivuko, akaona mshipi mfupi unaning'inia mpaka majini, na juu, kwenye tawi la mkuyu, nzi wa manyoya amekwama. Mgeni alimpoteza siku ya kwanza, akautukana mti kwa Kiingereza.

Pale kivukoni palikuwa na Mama Nyanzala, mkaanga samaki asiye na samaki. Alikuwa anasugua karai na wifi yake, Mbuke.

"Wiki nzima nakaanga mihogo, wifi," Mama Nyanzala analalamika. "Na yule baba ameshika samaki wa kulisha kijiji, karudisha majini! Nikamwambia, nipe mimi basi. Ananiambia, no no, sport."

"Si ungemng'ang'ania?"

"Ningemng'ang'ania yeye au samaki? Wote wanateleza."

Furu akauuma ule mshipi kwa ncha ya midomo, akatikisa. Cha-cha-cha! Tawi likacheza.

"Wifi, nini kile?"

Mbuke akapanda, akateremka na nzi mkononi. "Eh! Nzi ana ndoana!"

"Lete hapa. Kamba ya kuanikia nguo ndiyo hiyo, ifungue."

Asubuhi Furu akawa shimoni mapema. "Dokta, mgeni kafika."

Sangara akapanda juu, akachungulia. Na kamba ya Mama Nyanzala, anayepiga soga na wifi yake, ikatua majini, pwaa!

"Mbona hakuna fyuu-fyuu?" akauliza.

"Wakubwa hawana mbwembwe, Dokta. Fyuu-fyuu ni za vijana."

"Mbona anaongea kama watu wa hapa?"

"Kajifunza kwa ajili yako."

"Na kamera iko wapi? Siioni kamera."

Furu akatazama ufukweni. Karai lilikuwa juu ya mafiga. "Ile nyeusi, ya duara. Ndiyo kubwa kuliko zote. Unaona taa zake zilivyowaka chini?"

"Loo!" akasema Sangara. "Ya kisasa!"

Chwap! Akaidaka ndoana. Na kwa kuwa ni mwalikwa, hakupigana. Aliogelea mwenyewe mpaka ufukweni, kifua mbele, kama mgombea anayepanda jukwaani.

"Wifi Mbuke, shika! Shika mkia! Huyu samaki anatabasamu!"

"Anatabasamu nini? Mpe rungu!"

"Ngoja nimtie chumvi kwanza nione atafanyaje."

"Poda," Sangara akanong'ona, ameridhika.

Akakamuliwa ndimu. "Na marashi!"

Mafuta yakaanza kulia kwenye karai, chwaaaa! "Hayo makofi yote ni yangu?"

"Hatoshi humu, wifi. Tumkate vipande."

"Ndogondogo ni sawa," akasema Dokta Mwenyekiti. "Passport size." Akafumba macho kidogo kwa ajili ya mwanga.

Rungu likashuka. Kwa!

Siku ile hata waliolipia mihogo walibadilishiwa sahani.

Na siku mbili baadaye, kwenye maji mafupi, Furu alifungua mdomo. Mwenyewe, bila kuamriwa. Watoto arobaini wakatoka mmoja mmoja, wa mwisho akatoka analalamika kwamba alibanwa. Halafu samaki wakakutana kutafuta mwenyekiti mpya. Furu akapeleka CV. Kambare mzee akaisoma, akapapasa sharubu. "Tunaona una uzoefu wa kumwondoa mwenyekiti mmoja," akasema. "Hilo ndilo linalotutia wasiwasi. Tutakupigia simu."

Mwaka uliofuata mgeni akarudi, amebeba picha kubwa ndani ya fremu ya dhahabu: yeye na Sangara, shavu kwa shavu. Akamwonyesha Mama Nyanzala. "Mama, yeye iko wapi? Wewe najua yeye?"

Mama Nyanzala akaitazama sana ile picha, akaipangusa vumbi kwa kanga.

"Namjua," akasema. "Ila hapa hakutoka vizuri. Kwangu alipendeza zaidi."

Fundisho, na mliandike kwa sababu litatoka kwenye mtihani: watoto wazuri hawasemi uongo, huwatii wakubwa wao, na wakiambiwa "fungua" hufungua. Ukisoma kwa bidii utapata kazi. Anayebisha anyooshe mkono, aje mbele, afungue mdomo nimkague.

Nimetupa!
— Imenasa!
Nimevuta!
— Tumeona!
Ngano yangu imeishia kwenye karai. Aliyechelewa, alambe mwiko.