Farasi Mzee na Mkasi

Mwoneni, ndugu zangu, mkulima mmoja wa viazi kule juu milimani, mahali ambapo mwezi wa saba umande huganda majanini. Alikuwa na farasi mzee wa kuvuta mkokoteni. Farasi huyo alilala nje, na baridi ilipokaza aliota manyoya marefu, mazito, hata wapita njia wakawa wanasema, "Huyu mzee amenenepa."

Jioni moja walirudi sokoni, farasi amelowa jasho. Jua lilikuwa limebaki kidogo tu juu ya kilima. Mkulima akaona miguu ya farasi inatetemeka. Manyoya yale hayangekauka kabla ya giza. Akilala na maji mwilini, atashikwa na kichomi. Akinyolewa, atalala uchi kwenye baridi. Afanye nini?

Jirani yake, mfuga kondoo, akaja na mkasi wake wa kunyolea.

"Mnyoe," akasema. "Ngozi ikikauka, atapona."

"Farasi si kondoo, jirani."

"Ni kweli. Kondoo wangu hawavuti viazi vyako."

Mke wa mkulima akatoka jikoni akifuta mikono. "Baba watoto, usithubutu. Wewe mwenyewe unalala ndani na bado unanung'unika."

"Sasa nimwache na jasho hili?"

"Mimi nimesema asinyolewe. Hilo lingine sijui."

Kivuli cha kilima kikafika kwenye ua. Mkasi uko mkononi, farasi anatetemeka. Akate, asikate? Ninyi mngefanyaje?

Akaamua kunyoa sehemu ndogo tu, begani na ubavuni, pale jasho lilipokuwa jingi. Manyoya yakaanguka, fungu kwa fungu. Kisha mkasi ukasimama.

Chini ya manyoya palikuwa na mbavu. Mbavu tupu, zimetokeza kama fito za ukuta usiokandikwa. Na begani, mahali pa kamba, kidonda kibichi, kikubwa kama kiganja, kimegandamana na nywele. Kila asubuhi mkulima alitandika gunia kwanza ili kamba isimchune, kama baba yake alivyomfundisha. Mkono wake uligusa gunia. Farasi haukumgusa.

Jirani akatazama chini. Mke akasogea, akaweka kidole ubavuni, akakiondoa.

"Kumbe manyoya haya hayakuwa yakimfunika yeye," akasema polepole. "Yalikuwa yakitufunika sisi."

"Na viazi vya kesho?" jirani akauliza.

"Kesho hakuna viazi," mkulima akajibu. Wakamsugua farasi kwa majani makavu mpaka mikono ikawauma. Kisha wakausukuma mkokoteni nje ya kibanda chake cha mabati, wakamwingiza farasi.

Tusimcheke mtu huyu. Sisi nasi tuna wazee wetu, na tunabishana juu yao kwenye simu. Mama ahamie mjini, asihamie? Tumwekee msichana wa kazi, tusimwekee? Tunabishana kwa upendo kabisa, na hakuna aliyekwenda kumgusa. Anakuja ibadani na kitenge kizuri, amevaa sweta juu yake, nasi tunampungia mkono kutoka mbali: mama amependeza, mama amenawiri. Chini ya sweta kuna nini? Anakula nini siku ambazo hatupo? Wajukuu wangapi tumemrundikia, halafu tukashangaa kwamba anachoka?

Swali la mkasi lilikuwa swali la kweli, ndugu zangu. Ila lilikuja mahali pa swali lingine ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza.

Tukitoka hapa leo tutawakuta wazee wetu mlangoni, wanasubiri kusalimiwa. Tusiwapungie mkono. Tukae nao chini, tuwaulize hali, na jibu la kwanza litakuwa, "Mimi mzima tu, mwanangu." Hayo ndiyo manyoya. Tusiinuke hapo. Tuulize tena.