Kofia ya Gunia

Wapendwa, wangapi kati yetu tumepimiwa kitu sokoni, kipimo kikatimia, na bado tukasema, "Niongeze kidogo"? Msitazamane. Hata mimi nimo.

Basi, kulikuwa na mnunuzi mmoja wa viazi. Kila msimu alipanda milimani na lori la kukodi, na alikuwa na mtindo ambao wengi tunaujua: gunia likijaa hadi mdomoni, kwake bado. Lazima lishonewe wavu juu, lirundikiwe kofia ya viazi, ndipo aliite gunia. Bei ile ile. Na kwa kuwa alikuwa amekaa darasani miaka kadhaa, kofia hiyo aliipa jina la Kiingereza, akiiita "inkrimenti". Alilipenda sana neno hilo. Kila alipolitamka alijiona msomi.

Mwaka huo mvua zilikata barabara, akachelewa miezi miwili. Mama mmoja mjane alikuwa amemwekea magunia kumi yaliyojaa vizuri. Mnunuzi akayazunguka, akayapigapiga.

"Mama, inkrimenti yangu iko wapi?"

"Ndiyo nini hiyo, bosi?"

"Nyongeza, mama. Kofia."

"Hivyo ndivyo vya kuuza, baba. Vingine sina."

"Basi nikuachie. Wenzako wote wameshanijazia."

Mama akayatazama magunia yake. Yakibaki yataoza, na lori jingine halikuwapo. Akaingia ndani, akakawia, akatoka na ungo umejaa. Akaingia tena, akatoka tena. Mnunuzi aliona kwamba viazi vya safari hii ni vidogo, kama mayai, na vimeanza kuchipua. Je, moyo ulimgusa? Ulimgusa kidogo, tusimwonee. Lakini alikuwa na haraka zake, na kofia ni kofia. Akashona, akapakia, akateremka mjini akipiga mluzi.

Msimu uliofuata akarudi na lori tupu, na ameshaahidi viazi kwa wateja wake wote. Akalikuta shamba la yule mama limejaa magugu. Kwa majirani, maboga machache hapa, maharage kidogo pale. Viazi hakuna.

"Mama, kulikoni? Mwaka huu hamkulima?"

Mama alikuwa akichambua mboga mlangoni. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi yule bwana.

"Tungepanda nini, mwanangu? Ile kofia ilikuwa mbegu."

"Si ungeniambia!"

"Ungenisikia?"

"Na majirani? Hawakuwa na mbegu ya kukuazima?"

"Nao uliwashonea kofia hizo hizo."

Mnunuzi akakaa kwenye ngazi ya lori lake. 

Ndugu zangu, neno lake lile, inkrimenti, nililitafuta kwenye kamusi. Waingereza walilipata kutoka Kilatini, na huko asili yake ni kukua, kama mche unavyokua. Sasa niambieni, ni kiazi gani kilichokua juu ya lile lori? Hata kimoja. Vilihama tu, kutoka nyumbani kwa mjane hadi kwenye gunia la mtu mwingine. Nyongeza yenyewe, ile anayoitoa Mungu, ilikuwa kwenye vile vidogo vilivyochipua, na ndivyo alivyovipakia.

Na sisi je? Tunamwongezea dada wa kazi kufua na kupiga pasi mpaka Jumapili yake imekwisha, halafu tunashangaa kwa nini haimbi tena jikoni. Tunamwomba mama mzazi atulelee mtoto mmoja zaidi, naye hasemi hapana, kwa sababu hajui kutunyima. Tunaita baraka. Tunatoa hata ushuhuda.

Leo ukitaka kumwambia mtu, "Niongeze," mwambie. Lakini akigeuka kuingia ndani, mfuate kwa macho. Tazama anakwenda kuchota wapi.