Nani Atakata Utepe Kwenye Ufa?

Wahenga walituachia methali wakidhani tuna masikio. Walituonya kwamba ufa mdogo unaoupuuza leo, kesho utakutoa jasho la ukuta mzima. Kijiji kimoja cha mlimani kiliijua methali hiyo kwa moyo, hata watoto wake waliiandikia insha shuleni. Kuijua kwao hakukuwasaidia hata chembe.

Tangi la maji la kijiji hicho lilikuwa na ufa. Ulianzia usawa wa kiuno ukateremka hadi kwenye msingi, na maji yalivuja humo usiku na mchana. Chini yake palistawi bustani ya mchicha, kijani kibichi hata wakati wa kiangazi. Bustani hiyo ilikuwa ya mke wa Mwenyekiti wa kamati ya maji, na kila mgeni aliisifu.

Fundi bomba wa kijiji alikuwa mwanamke aliyebandikwa jina la Koleo, maana koleo halikumtoka mkononi. Yeye na Mwenyekiti walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mama yao mzazi aliishi mtaa wa juu, karibu usawa mmoja na tangi, ambako maji hayakufika ila tangi lilipojaa. Nalo halikujaa kamwe. Kwa hiyo ajuza wa miaka sabini alishuka mteremko kila asubuhi kuteka maji, akapanda na ndoo kichwani. Kila Koleo alipomwona, damu ilimchemka.

Siku ya kikao cha kuongeza maji, njia tatu ziliwekwa mezani: kuchimba kisima kirefu bondeni, kuvuna mvua kwenye paa la shule, au kukarabati tangi. Koleo hakuja mikono mitupu. Asubuhi hiyo alikuwa amefunga maji yanayoingia tangini na yanayotoka, akapiga mstari wa chaki ukutani kwa ndani, akasubiri saa mbili.

"Maji yameshuka shibiri nzima," alisema. "Ndoo zaidi ya mia na hamsini, na hakuna bomba lililofunguliwa! Paa la shule litatufaa masika tu. Kisima hatujui kitatoa nini. Haya tunayo tayari, tunayamwaga. Nipeni mifuko sita ya saruji na wiki mbili, maji yafike mpaka kwa mama."

Mwenyekiti alicheka. "Ufa huo una miaka kumi. Umemla nani? Si tunapata mboga?"

Kikao kizima kikaangua kicheko.

"Kaka, mama anabeba ndoo!"

"Kisima kitamfikia, acha papara. Halafu nikuulize, mdogo wangu, wageni wakija, nani atakata utepe kwenye ufa?"

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimwasha. Kisima kina jiwe la msingi, na jiwe huandikwa jina. Ufa hauandikwi mtu. Mikono ikanyooshwa, kisima kikapita. Inatia hasira hata kusimulia.

Mitambo ilinguruma bondeni miezi mitatu. Jiwe jeusi lenye jina la Mwenyekiti likafunuliwa kwa vigelegele, na utepe wake ukakatwa. Maji yalipotoka, Mwenyekiti alijaza kikombe mbele ya wageni, akapiga funda moja, uso ukamkunjamana. Yalikuwa chumvi tupu, hata mbuzi waliyakataa.

Wiki hiyo hiyo mama yao aliteleza mteremkoni na ndoo yake, akavunjika nyonga. Siku nne baadaye, mchana kweupe, ukuta wa tangi ulipasuka kuanzia kwenye ule ufa, ukaanguka kwa kishindo. Maji yakausomba mchicha wote hadi bondeni, na kijiji kikabaki bila tone.

Mwenyekiti alikwenda kwa mama yake, kofia mkononi. Alimkuta Koleo akimnywesha uji.

"Dada, sasa itahitajika mifuko mingapi?"

"Ilikuwa sita. Leo ni mia na ishirini, na mawe, na mikono ya kijiji kizima. Na nyonga ya mama, utaijenga kwa mifuko mingapi?"

Mama akageuza kichwa taratibu juu ya mto.

"Mwanangu, nilikuomba maji, ukanipa jiwe lenye jina lako. Nilinywe?"

Kesho yake Mwenyekiti alishuka bondeni, akaling'oa lile jiwe na kulipandisha begani kwenye mteremko ule ule uliomvunja mama yake. Alilitua mbele ya Koleo akihema. Koleo akalilaza kwenye msingi wa ukuta mpya, jina likitazama chini, akalimwagia zege. Hakumsamehe siku hiyo. Alimtupia sepetu.

"Koroga," alisema.

Akakoroga miezi miwili, jua likimchoma utosi, na mama yake, ambaye hakusimama tena, akimsikiliza kutoka dirishani. Mwacheni akoroge, kwani aliambiwa mapema na akacheka: usipoziba ufa, utajenga ukuta.